Dawa ya Kufunga

Uligeuza uso. Usinibishie, nilikuona. Kofi la kwanza lilipolia chumba cha pili ulikuwa umekaa unakula. Ukaacha kutafuna kidogo, ukasikiliza, kisha ukaongeza sauti ya redio. La pili ukasema, "Ya ndoa hayo." La tatu hukulihesabu. Mimi nilihesabu. Yalikuwa makofi matano, teke moja, na kishindo cha cherehani kuanguka. Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka na watu wote mko macho.

Sasa kaa hapo, usome.

Aliyepigwa alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Pindo, kwa sababu hakuna aliyepinda nguo kama yeye. Ukivaa gauni lake utadhani liliota hivyo, mshono huuoni. Aliyempa jina hilo ndiye aliyempiga, na uchungu wa habari hii uko hapo hapo, maana mwanaume yule alimpenda. Simtetei. Nasema kilichokuwepo.

Yeye walimwita Cheche. Kazi yake kuchomelea mageti na madirisha, na mikono yake ilijaa vidoti vya moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Siku ya kwanza alikwenda kwa Pindo na suruali ya kazi iliyotobolewa matundu yasiyo na idadi.

"Dada, hii inashoneka?"

"Hii si suruali, kaka. Hili ni chujio."

"Basi nizibie chujio langu."

Akaliziba. Wiki iliyofuata akarudi na tundu jipya, na wiki nyingine akarudi tena, mpaka siku moja Pindo akaliangalia tundu vizuri, akaona limechomwa kwa makusudi, duara zuri kabisa kama limepimwa kwa sarafu. Akaweka mkasi chini.

"Kama unanitaka, sema. Usiteketeze nguo."

Cheche akatazama viatu vyake, akatazama mlango, mwisho akamtazama yeye. Akasema. Wakaoana.

Walikaa kwa mama yake Cheche, nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na wifi mtu, msusi aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Siku Pindo alipoingia, mama mkwe alimkalisha kitandani akamwambia, "Hapa kwangu, mambo ya damu hayafiki kwa mume. Ukiwa kwenye siku zako ni siri yako na maji yako ya kuogea. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Alielewa mno. Miaka mitatu mtoto hakuja, ilikuja damu. Siku saba zikawa kumi, kumi zikawa kumi na nne, na safari hii ninayoisema zilifika kumi na tisa. Alikuwa akikunja vipande vya mabaki ya nguo tabaka juu ya tabaka, akikalia kitambaa cheusi kwenye stuli yake, na akiinuka anainuka kwa kushika ukuta. Cheche akirudi kazini anamshika kidevu.

"Midomo yako imekuwa kama karatasi. Unaumwa?"

"Ni uchovu tu, mume wangu."

"Uchovu gani wa mwezi mzima?"

Alitamani kusema. Aliangalia macho yale yaliyokuwa mekundu kwa mwanga wa kuchomelea, yakimtafuta usoni mwake, na neno lilifika mpaka kwenye meno. Nyuma ya pazia mama mkwe akakohoa. Neno likarudi tumboni.

Jumamosi, siku ya kumi na tisa, alikwenda hospitali peke yake. Akapimwa mimba, hana. Akapimwa damu, imeshuka. Akapigwa picha ya tumbo. Daktari akaandika vidonge, akampeleka kwa nesi amweleze.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, na foleni ya watu imemfika mpaka getini. Lakini kueleza alieleza.

"Mwanangu, mfuko wako wa uzazi una utando kwa ndani. Kuna homoni inayoufanya uote, na kuna nyingine, inaitwa projesteroni, inayoutuliza. Kwako ile ya kutuliza haitoshi. Utando unaota tu, unaota, halafu unabomoka ovyo ovyo. Ndiyo hiyo damu."

"Na vidonge?"

"Hivi ni projestini. Ni ndugu wa projesteroni, ila ametengenezwa kiwandani. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, siku kumi. Damu itasimama siku mbili tatu hizi. Usifurahi ukaacha! Ukikatiza katikati, inarudi, na inaweza kurudi kwa hasira. Ukimaliza zote kumi, siku mbili mpaka nne baadaye utaona hedhi. Usiogope, hiyo ndiyo tunayoitaka. Halafu unarudi hapa, tutazame kinacholeta haya."

Pindo akainamisha kichwa. "Nesi, nisamehe. Wanasema dawa za homoni zinaua kizazi."

"Wanasema nani? Waliokaa kwenye kiti hiki?" Nesi akavua miwani. "Sikia. Projestini hizi zina matumizi mengi. Kuna kidonge kidogo cha kila siku cha kuzuia mimba. Kuna sindano ya miezi mitatu, hiyo ukiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, siwezi kukudanganya. Kuna kijiti cha kwenye mkono, ukikitoa uzazi unarudi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoua kizazi. Na hivi nilivyokupa vya siku kumi si vya kupanga uzazi hata kidogo. Ni vya damu. Unaweza kuumwa kichwa, matiti yakajaa, ukanuna bila sababu. Mguu ukivimba upande mmoja na kuuma, kifua kikabana, au macho yakaona giza, unakuja mbio. Wewe unataka mtoto?"

"Nataka, nesi. Nataka sana."

"Basi kwanza tuokoe mama yake."

Akavuta daftari la Pindo aandike. Nyuma mtu akapiga kelele kwamba mtoto ana degedege, nesi akainuka kalamu ikiwa bado mkononi, na alichokuwa ameandika ni hiki: *Dawa ya kufunga. 1×3, siku 10.* Alitaka kuandika dawa ya kufunga damu. Neno la mwisho halikuandikwa.

Jumatatu damu ilisimama. Pindo aliamka, akagusa shuka, akalia kimya kimya kwa furaha. Akapanga kwamba safari hii sheria ya mama mkwe ataivunja, atamwambia mumewe yote.

Hakuwahi.

Jumatano alasiri wifi alikwenda kwenye meza ya cherehani kutafuta mkasi wa kukatia rasta, akakuta daftari chini ya bobini ya uzi. Mama yake hakujua kusoma, lakini pua ya kunusa mambo alikuwa nayo.

"Hilo la nini? Soma."

"Mama, la hospitali. Si letu."

"Kila kilicho ndani ya nyumba hii ni changu. Soma!"

"Limeandikwa... dawa ya kufunga. Mara tatu kwa siku, siku kumi."

"Kufunga nini?"

"Haijaandikwa."

"Haijaandikwa kwa sababu inajulikana! Mwanamke anafunga nini, mlango? Anafunga kizazi!"

"Hata tumbo linafunga, mama. Mtu akiharisha."

"Huyu anaharisha? Miaka mitatu anaharisha?" Mama akajipiga paja. "Nimepata. Leo nimepata. Mwanangu anachoma vyuma mpaka macho yanatoka maji, kumbe mke anamfungia watoto wake kwa vidonge!"

Alikwenda mwenyewe karakana. Alichomwambia Cheche njiani sikukisikia, ila nilimwona Cheche akija, hatua ndefu, glovu moja bado mkononi, na majirani wakitoka milangoni kutazama, kisha wakirudi ndani. Wakarudi ndani, nasema.

Pindo alikuwa anaweka zipu. Alipomwona akatabasamu, maana saa ile si ya yeye kurudi, akadhani moyo wake umemwita.

"Umekuja mapema! Afadhali, nina neno nataka kukwambia."

"Nitauliza mimi." Sauti ya Cheche ilikuwa imekauka. "Ni kweli unakunywa dawa ya kufunga?"

Uso wa Pindo ukachanua. "Nani kakwambia? Ndiyo! Na imefunga, mume wangu. Tangu juzi imefunga kabisa. Nilitaka nikwambie mimi mwenyewe."

Alikuwa anacheka aliposema. Cheche aliona kile kicheko. Akanyanyua mkono wenye glovu.

Kofi la kwanza lilimkuta bado anacheka, meno yakagongana juu ya ulimi. La pili lilimgeuza. La tatu na la nne yalikwenda kichwani, na glovu ile ya ngozi ngumu ikamchana sikio. Akajishikiza kwenye cherehani, likaja la tano, yeye na mashine wakaenda chini pamoja, gurudumu likampiga ubavuni, na sindano iliyokuwa kwenye mashine ikamwingia kwenye kiganja ikakatika humo. Halafu teke. La kiuno.

"Nimekosa nini?" Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. "Cheche! Nimekosa nini?"

"Unanicheka! Unafunga watoto wangu halafu unanicheka!"

"Watoto gani? Damu! Ni da—"

"Hapa kwangu damu haitajwi!" Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akapita juu ya miguu ya mkwewe, akafungua mtoto wa meza, akakuta pakiti ya vidonge. Nusu ilikuwa bado. Akavitoa kimoja kimoja, akavitupa chooni, na kila kimoja akisema, "Mjukuu wangu. Mjukuu wangu. Mjukuu wangu."

Wifi alisimama na rasta mkononi. Yeye ndiye aliyesoma.

Usiku ule na uliofuata Cheche alilala karakana. Alhamisi mchana alipita dirishani, akamwona Pindo anashona kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kitambaa, jicho limevimba kama limeshonwa. Wakatazamana. Pindo alisema baadaye kwamba lau angeingia saa ile, akauliza swali moja tu, angemsamehe hapo hapo na kumkumbatia na kumtafutia chakula. Alimpenda kiasi hicho. Cheche akainamisha kichwa akapita.

Ijumaa jioni damu ikarudi. Nesi alikuwa amesema itarudi kwa hasira. Jumamosi asubuhi ilipita mabaki yote ya nguo, ikapita kitambaa cheusi, ikashuka kwenye miguu ya stuli. Pindo akasimama ili aende kuoga, akaona ukuta unamkimbia, akaanguka.

Wifi alimkuta. Akapiga magoti kwenye ile damu, akajua. Hakuna aliyemweleza. Aliijua kwa magoti yake.

"Mama! Alikuwa anafunga damu! Mama, ni damu alikuwa anafunga!"

"Muongo. Hizo ni dawa zinamtoka."

"Anakufa! Shika miguu, tumtoe!"

"Nyumba hii haitoki maiti ya mwanamke tasa mbele za watu." Mama akaegemea mlango, mikono yote miwili kwenye fremu. "Akilala kidogo atapata nafuu."

"Nipishe."

"Sipishi."

"Mama, nakuheshimu. Nipishe."

"Utamchagua mtu baki, uniache mimi niliyekuzaa?"

Alimshika mama yake mabega akamvuta. Mama akampiga kofi, akamng'ang'ania nywele, shanga za rasta zikamwagika sakafuni. Wifi akauma ule mkono. Aliuma mpaka ukaachia. Kisha akaingiza bega kama mtu anayevunja geti, mama akaangukia ndoo, na mlango ukawa wazi. Msinifundishe adabu za mtoto kwa mzazi. Mwenzenu alikuwa anamwagika sakafuni.

Akamburuta Pindo mpaka uani, akampakia kwenye mkokoteni wa jirani muuza maji, madumu akayapindua, akausukuma yeye mwenyewe. Milango kumi na moja ilikuwa wazi njiani. Nilihesabu. Walitoka watu wa kutazama, wa kusukuma hakutoka hata mmoja.

Hospitali walimwekea dripu, wakamwekea na chupa mbili za damu, wakamwanzishia vidonge upya kwa kipimo kikubwa, na kiganjani wakatoa ncha ya sindano. Nesi alipofungua daftari akaona mwandiko wake mwenyewe. Akakaa chini.

"Nani alisoma hili?"

"Mimi," wifi akasema.

"Na mimi niliandika." Akachukua kalamu, akaongeza neno moja, *damu*, akalikoleza mpaka karatasi ikatoboka. "Herufi nne, mwanangu. Tumemuua nusu kwa herufi nne."

Cheche aliingia saa nane mchana, mama yake kamwacha kwenye benchi la nje, miwani ya kuchomelea bado ipo kwenye paji la uso. Nesi akamsimamisha kwenye pazia, akamwekea daftari usoni.

"Soma kwa sauti."

"Dawa ya kufunga... damu."

"Siku kumi na tisa mkeo alikuwa anavuja. Hivi vidonge vilikuwa vinamwokoa, na wala havimzuii kukuzalia, labda wewe ndiye umemzuia kwa lile teke. Wewe unayelala naye kitanda kimoja hukujua?"

"Hakuniambia."

"Aliambiwa asikwambie. Muulize aliyemwambia, amekaa kwenye benchi hapo nje."

Akaingia. Pindo alikuwa amelala, rangi imemtoka, chupa nyekundu inadondoka tone moja moja. Cheche akapiga magoti, akaushika mkono usio na bandeji, akauweka kwenye shavu lake, akalia kama mtoto.

"Pindo. Mke wangu. Nichukulieni damu yangu, nimpe yote."

"Ya kwako sikuiomba." Ulimi ulikuwa umevimba, maneno yanatoka polepole. "Ulitakiwa kuuliza."

"Nilisikia kufunga..."

"Kufunga nini? Maneno mawili tu, Cheche. Kufunga nini? Suruali yako uliitoboa mwezi mzima kwa kuogopa kuniuliza kama nitakutaka. Kunipiga hukuogopa."

"Nimekosa. Turudi nyumbani. Nitakujengea chumba chako, mbali na mama. Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua." Chozi likamtoka kwenye jicho lililofumbuka, lile jingine halikuweza. "Hilo ndilo linaloniua. Bado nikisikia viatu vyako moyo unaruka. Unaruka kwa kupenda, unaruka na kwa hofu, siwezi tena kuvitenganisha."

"Nifanye nini? Sema chochote."

Pindo akamtazama usoni. Alikuwa anamtafuta yule kijana wa chujio.

"Mama yako yuko kwenye benchi. Watu wamejaa foleni. Toka, simama mbele yao, umwambie kwa sauti: mama, nilimpiga mke wangu bila kumuuliza, na wewe ulizitupa dawa zake, na sote tumekosa. Hayo tu. Nikiyasikia kutoka hapa, tutaanza kuzungumza."

Cheche akainuka. Akajifuta uso kwa kiwiko. Akapita pazia. Pindo akafumba macho asikilize, na nesi akasimama na sinia mkononi. Walisikia hatua zake mpaka kwenye benchi. Zikasimama. Foleni yote ikanyamaza, maana watu wanajua mtu anapotaka kusema jambo.

"Mama," Cheche akasema. "Jua kali. Twende nyumbani."

Na wakaenda.

Pindo hakulia tena. Alinyoosha mkono, akaomba maji, akameza kidonge chake cha mchana. "Wifi," akasema, "una chumba unachokijua? Cha watu wawili na cherehani?"

"Nitakitafuta leo."

Kwenye lile benchi walikuwepo watu ishirini na wawili, na wote waliinamia simu zao. Sitaki kujua kama ulikuwa mmoja wao. Nataka uweke kitabu chini. Ndani ya nyumba yako, au ukuta wa pili, au kazini kwako, kuna mwanamke anayeinuka kwa kushika meza. Mfuate sasa hivi, umuulize damu inamtoka siku ya ngapi. Akikwambia imepita saba, au anabadilisha kitambaa kila saa, pole yako haimsaidii: mshike mkono umpeleke hospitali kabla foleni haijafungwa, ukae naye mpaka aandikiwe, uyasome yaliyoandikwa, na neno likipungua uulize. Na kama unasoma haya na unasikia mkono umeinuliwa upande wa pili, ita watu wote wa milango yote, muende pamoja. Msipige hodi. Ingieni.